Kulala Nje kwa Hiari Si Aibu

Kuna neno moja ambalo katika nchi yetu ya Masisi limeoza kama kiazi kilichonyeshewa ghalani. Neno lenyewe ni kambi. Mwambie mzazi wa Rubaya kwamba watoto wake watakwenda kambini siku mbili, naye atashtuka. Atauliza ni nani ameshambulia, na mkono wake utaanza kutafuta kamba ya kufungia godoro. Kwingineko duniani neno hilo huwafanya watoto waruke kwa furaha. Kwetu huwafanya wazazi wawahesabu watoto wao.

Leo nataka kulitetea neno hilo, au tuseme, kukitetea kitu kilichozikwa chini yake: desturi njema ya watu kutoka nyumbani kwa hiari yao, kukaa pamoja majanini, kuota moto, kula na kuzungumza, hata kulala usiku mmoja chini ya nyota katika uwanja wao wenyewe, kisha asubuhi kurudi ndani. Najua wako watakaonikasirikia. Wamekwisha kunikasirikia, na ndiyo sababu naandika.

Nitawasimulia kwanza jambo lililotokea. Ilikuwa mwezi wa Julai 2025, kiangazi, mahindi yamekwisha kuvunwa na usiku una baridi kali kama kawaida ya milima yetu. Watu wengi wa kwetu walikuwa wamerudi karibuni tu. Walikimbia mwanzoni mwa mwaka 2024, kabla M23 hawajauteka mji wa Rubaya mwishoni mwa Aprili mwaka ule. Wakakaa katika kambi za kandokando ya Goma hata Februari 2025. Wakati huo Goma yenyewe ilikuwa imetekwa, kambi zikavunjwa, na watu wakaambiwa warudi makwao. Wakarudi. Wengine walikuta nyumba, wengine walikuta mahali palipokuwa na nyumba.

Basi, niliwakusanya watoto kumi na wawili wa shirika letu katika uwanja nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa na turubai moja, ambayo watu wetu huiita shitingi, kamba chache, na miti ya kutegemeza maharagwe. Nilitaka tulale nje usiku mmoja, tuimbe, tutegeane vitendawili, tuchome viazi majivuni. Nilifunga turubai yangu kwa fahari, kama mtu aliyesoma. Ikalegea katikati kama tumbo la ng'ombe. Msichana mmoja, labda wa miaka kumi, aliitazama, akatikisa kichwa. Akafungua kamba zangu zote, akazifunga upya, zikakaza. Kisha akawaambia wavulana wawili walete jembe wachimbe mfereji upande wa juu. Nilimwambia kwamba ni kiangazi, mvua haiji. Akanijibu: "Mwalimu, mvua haikuombi ruhusa. Na maji hayaji mlangoni, yanakuja nyuma, wakati umelala."

Hapo ndipo mama yake alipofika. Alisimama penye ua akasema, wala hakusema polepole: "Mwalimu, una akili kweli? Mwaka mzima na zaidi tumelala nje. Mvua ilitunyeshea, kipindupindu kikawachukua jirani zangu, nikaapa mbele ya Mungu kwamba mwanangu hatalala tena chini ya shitingi. Leo nimepata nyumba, ingawa bati lake limetoboka, nawe unamtoa mtoto ndani ya nyumba ili acheze ukimbizi?" Akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Nilinyamaza. Mbele ya mama wa namna hiyo mtu mwenye adabu hunyamaza kwanza. Lakini kunyamaza kwanza si kunyamaza sikuzote. Kwa maana baada yake walikuja wengine ambao hawakuwa na haki ya kusema kama yeye, wakayachukua maneno yake wakayafanya fimbo. Mmoja alisema kwamba nafanya dharau juu ya wakimbizi. Mwingine alisema kwamba naleta desturi za Wazungu. Wa tatu alisema kwamba nahatarisha watoto. Na wa nne, kijana wa mashimoni, alicheka tu, akasema kwamba mwalimu hana kazi. Nitawajibu mmoja mmoja.

Kwanza, wale wasemao kwamba ni dharau. Ndugu zangu, tuulize vizuri: katika kambi kilichotuumiza ni nini? Je, ni turubai? Je, ni nyota? Je, ni harufu ya moto? La, hasha. Mugunga, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya: majina hayo tunayajua kama majina ya ndugu zetu. Hapo watu walilala juu ya mawe makali ya volkano, familia nzima katika kibanda ambacho mtu mzima hawezi kusimama ndani yake. Walipanga mstari kwa maji, walipanga mstari kwa unga, na akina mama waliokwenda kutafuta kuni walirudi wakilia, au hawakurudi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi huko Mugunga, yakaua watu, na watoto pamoja nao. Ubaya wa kambi ni huo. Ulikuwa ubaya wa kulazimishwa, wa njaa, wa kutojua kesho, wa kukosa mlango wa kurudia. Turubai haikuwa adui. Turubai ndiyo iliyotusitiri wakati watu walipotufukuza.

Mtu aliyefungwa gerezani akala maharagwe miaka mitatu, akitoka, je, atasema maharagwe ni dhambi? Anaweza kuyachukia, nasi hatutamlazimisha. Lakini akiwakataza watoto wake wote na majirani wote wasile maharagwe, tutamwambia kwa upole: ndugu, waliokufunga sasa wamekufunga mara ya pili.

Na hapa nataka kuwakumbusha habari iliyoandikwa zamani sana, ambayo wengi wetu huisoma upesi upesi. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, twasoma habari za watu waliotoka uhamishoni. Babu zao walichukuliwa kwa nguvu mpaka Babeli. Hao wakarudi, wakakuta mji umebomolewa. Wakaisoma sheria ya kale iliyowaagiza waadhimishe sikukuu ya vibanda, yaani kukaa siku saba katika vibanda vya matawi, ili wazao wao wajue kwamba baba zao waliishi jangwani bila nyumba. Wakafanya nini? Je, walisema: "Tumechoka na vibanda, tumetoka mbali, msitukumbushe"? Hapana. Walipanda mlimani wakakata matawi ya mizeituni na ya mitende, wakajenga vibanda, wengine juu ya dari zao, wengine katika nyua zao. Katika nyua zao! Yaani nyuma ya nyumba, kama mimi na watoto wangu kumi na wawili. Na kitabu kinasema kwamba furaha yao ilikuwa kubwa sana.

Watu wale walikuwa na akili. Walijua kwamba kama mtoto anakijua kibanda cha ukimbizi tu, basi kibanda kitabaki mali ya adui milele. Walimpa mtoto kibanda cha pili: kile kilichojengwa na baba yake kwa hiari, chenye chakula ndani yake na nyimbo, na nyumba ikiwa wazi hatua kumi tu kutoka hapo. Baada ya hapo mtoto alikuwa na vibanda viwili moyoni, akaweza kuvilinganisha. Mtoto wetu wa Masisi anacho kimoja. Sisi wenyewe tunamnyima cha pili, kisha twasema twamhurumia.

Pili, wale wasemao kwamba hizi ni desturi za Wazungu. Jibu hili ni fupi, kwa sababu neno lao ni la uvivu. Ni nani waliolala nje na ng'ombe katika milima hii kabla bati la kwanza halijafika? Ni nani waliokaa jioni kuzunguka moto, wazee upande mmoja, vijana upande mwingine, huku hadithi ya Sungura ikiendelea hata makaa yafifie? Na leo hii, mtu akifa kijijini, sisi hufanya nini? Hulala nje. Wanaume huketi kuzunguka moto nje ya nyumba ya msiba, siku mbili, siku tatu, katika baridi, wala hakuna anayesema kwamba ni desturi ya Ulaya wala kwamba tunawacheka wakimbizi. Kumbe kulala nje tunakujua sana! Ila tumekuwekea kifo peke yake. Kwa ajili ya maiti tuko tayari kutetemeka kwa baridi hata alfajiri. Kwa ajili ya watoto walio hai twasema haifai. Haya ni mambo ya kusikitisha.

Nami sikatai kwamba Wazungu nao wana sehemu yao. Mwaka 1907 askari mmoja Mwingereza, Robert Baden-Powell, aliwachukua vijana kama ishirini, wa matajiri na wa maskini, akalala nao katika hema kwenye kisiwa cha Brownsea. Ndipo uskauti ulipoanzia. Angalieni: mtu yule alikuwa ametoka vitani Afrika ya Kusini, na hema kwake ilikuwa chombo cha jeshi. Akaitwaa kwa askari akawapa watoto. Alikufa Nyeri, katika nchi ya Kenya, Januari 1941, na kaburi lake liko huko. Juu ya jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiacha njiani, na maana yake ni kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani. Mtu aliyewafundisha watoto wa dunia kulala nje hakutaka wapotee nje. Alitaka wajue njia ya nyumbani.

Na huku kwetu Kivu, mwaka 1952, Padri Georges Defour wa shirika la Mapadri Weupe alianzisha Xaveri mjini Bukavu. Wangapi kati ya wazee wetu walivaa skafu ya Xaveri? Wangapi walijifunza kupika kwa kuni mbichi, kuimba kwa sauti nne, kulala katika nyasi pamoja na vijana wa kabila lingine ambao nyumbani waliambiwa wasiongee nao? Waulizeni. Watawaambia kwamba kambi ile ilikuwa siku njema za ujana wao. Neno lilikuwa safi wakati ule. Vita vimelichafua. Je, nguo nzuri ikianguka matopeni, twaitupa, au twaifua?

Tena watazameni wanaokwenda Namugongo, Uganda. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, maelfu ya watu hutembea kwa miguu kutoka mbali, wengine kutoka nchi jirani, hata kutoka Kongo yetu, wakalala nje njiani na penye kituo chenyewe, katika vumbi na baridi. Hakuna anayewahurumia, wala wao hawajihurumii. Wamekuja wenyewe. Neno hilo, wenyewe, ndilo linalotenga kambi na kambi.

Tatu, wale wasemao kwamba ni hatari. Hao nawaheshimu, kwa maana hawasemi uongo. Nchi yetu imejifunza kuogopa mikutano ya nje kwa sababu iliyo wazi. Machi 1993 mauaji makubwa yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, watu wakiwa wamekusanyika kuuza na kununua, kisha moto ule ukaenea Masisi yote. Tangu siku hizo mtu wa hapa akiona watu wengi uwanjani hutafuta kwanza njia ya kukimbilia. Silaha zimepita juu ya kila kilima. Kuna vitu vya vita vilivyoachwa majanini ambavyo mtoto akivigusa hupoteza mkono au maisha.

Kwa hiyo sisemi: wapelekeni watoto mlimani usiku. Kufanya hivyo ni upumbavu. Nasema: uwanjani, nyuma ya nyumba, mahali unapopalima na kupakanyaga kila siku. Waambie majirani mapema, mwambie mkubwa wa mtaa, ili hakuna atakayeona moto wako akadhani jambo jingine. Kama milio imesikika siku hizo, au kama kuna habari mbaya njiani, acheni. Subirini kiangazi kingine. Kuwa na busara si kushindwa. Lakini tusidanganyane: wengi wetu twasema "hatari" hata siku ambazo hatari haipo, kwa sababu hofu imekuwa mazoea. Mtu huyohuyo anayemkataza mtoto kulala uani pamoja na mwalimu wake humruhusu aende mashimoni alfajiri, ambako udongo uliolowa huporomoka na kuwafunika watu wakiwa hai. Ni hatari gani hiyo ambayo haionekani penye pesa?

Na hapo tumefika kwa kijana wangu wa nne, aliyecheka. Anasema kwamba mwenye kazi hana wakati wa kuketi majanini. Rubaya, anasema, ni mji wa kazi. Ni kweli. Yasemwa kwamba milima yetu hutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Dunia inatujua kwa udongo wetu. Lakini je, sisi tunajijua? Niliwauliza wale watoto wa kiwanja changu majina ya vilima vinavyoonekana kutoka mlangoni kwangu. Mashimo waliyataja yote, hata jina la shimo lililofunguliwa mwezi uliopita. Vilima ambavyo havina madini hawakujua hata kimoja. Sikuwalaumu. Nani angewafundisha, na wakati gani? Baba yuko shimoni, mama yuko sokoni, na jioni kila mtu anaingia ndani na kufunga mlango. Mwenye simu huinamia simu yake. Koltani hutoka katika mlima wetu, huenda mbali, hurudi ndani ya simu, na ile simu inatunyamazisha sisi kwa sisi, tukiwa tumeketi palepale juu ya mlima ilikotoka.

Kijana, sikuambii uache kazi. Mikono yako ndiyo inayolisha wadogo zako. Lakini jioni moja ya moto haikunyang'anyi mshahara. Inakurudishia kitu ambacho mshahara haununui: babu yako akikuambia maji ya kijiji yalitoka wapi, shamba la nani lilikuwa wapi, na vipi watu wa lugha mbili walivyosaidiana mwaka wa njaa. Mambo hayo hayasemwi mchana, wala hayasemwi katika ukumbi wa kukodi penye kipaza sauti. Yanataka giza kidogo, na moto, na watu waliokaa karibu kwa sababu ya baridi.

Sasa neno moja kwa watu wa mjini, maana nao wana kosa lao, la namna nyingine. Wakati wa amani watu wa Goma hupenda kuja Masisi kuona milima ya kijani, ng'ombe, na jibini yetu ya mviringo ambayo huuzwa mbali. Karibuni sana. Lakini wengine huja kama watu wanaoingia katika picha. Husimamisha gari, huruka ua wa malisho bila kumsalimu mchungaji, hupiga muziki, hupigana picha, huacha chupa za plastiki ambazo ng'ombe humeza. Mchungaji amesimama pale na koti lake la mvua, wao hupita mbele yake kana kwamba ni mti. Hilo si kufurahia nchi, ni kuitumia. Ukija mlimani, salimu kwanza. Uliza. Nunua maziwa kwa huyohuyo mchungaji, mkae naye majanini mnywe pamoja. Hapo utakuwa umefika Masisi. Kabla ya hapo umepita tu.

Na kwenu wenye mashamba makubwa ya malisho. Mashamba mengi katika milima hii yalianzishwa na walowezi wa Kibelgiji, na baada ya mwaka 1973, serikali ya Zaire ilipotwaa mali za wageni, yakaingia mikononi mwa wakubwa na matajiri. Sitaki leo kufungua kesi za ardhi. Zimekwisha kuua watu wa kutosha. Naomba kitu kidogo. Kuna Jumapili hamsini na mbili katika mwaka. Fungueni lango Jumapili moja ya kiangazi, kwa kilima kimoja, ili familia za kijiji zikae majanini mchana, watoto wakimbie, wazee wapumue. Watoto wengi wa Rubaya wanaona majani mazuri kuliko yote katika Kongo, na hawajawahi kuyakalia. Wanayaona kupitia waya. Ng'ombe wenu hawatakonda kwa siku moja.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, nitasema nilivyojifunza, tena mengi nilijifunza kwa yule msichana. Chagueni kiangazi, Julai au mwanzo wa Agosti. Tandikeni majani makavu mengi chini, kwa sababu baridi ya ardhi hupita ile ya hewa. Ondoeni nyasi zote kuzunguka moto, mbakize udongo mtupu, na wekeni ndoo ya maji karibu. Kiangazi kuni za mikaratusi huwaka kwa ukali na cheche zake huruka mbali. Chimbeni mfereji upande wa juu hata kama mbingu ni safi. Viazi viingie majivuni, si makaani. Kila mtoto alete blanketi lake, na mwenye nalo kubwa alale na asiye nalo. Pombe isiwepo, maziwa ya mashanza yanatosha. Mlango wa nyumba ubaki wazi usiku kucha, na taa ndani yake, ili mtoto akiamka na hofu aone mahali pa kukimbilia. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kambini hapakuwa na mlango huo.

Na mtoto asiyetaka asilazimishwe. Tukimlazimisha hata kwa furaha, tumefanya walivyofanya wale waliotufukuza.

Mtaniuliza: na yule mama? Hajakubali. Nilikwenda kwake siku ya pili kumwomba radhi, si kwa sababu ya jambo nililofanya, bali kwa sababu sikumwuliza kwanza. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nalikiri mbele yenu. Tulizungumza muda mrefu mlangoni kwake. Aliniambia mambo ya Bulengo ambayo sitayaandika hapa. Mwishoni alisema: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini mimi usiku bado nasikia." Sikuwa na jibu. Yako maumivu ambayo hoja haiyafikii, na mwandishi asiyejua hilo afadhali avunje kalamu yake.

Lakini nyumba yake imepakana na kiwanja changu, na wiki mbili baadaye tuliwasha moto tena. Yule msichana hakuja. Alisimama upande wa pili wa ua, akatazama turubai yetu, akapaza sauti akasema kwamba kamba ya kushoto imelegea tena. Wavulana wakaikaza. Akasema bado. Wakaikaza tena. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni nyuma yake, amejifunika kitenge, anatazama moto. Hakumwita mtoto ndani. Tulipoanza kutegeana vitendawili, msichana alijibu vitatu kutoka palepale alipokuwa.

Basi, ndugu wasomaji, nawaombeni: msiwaachie wenye bunduki neno hili. Wametuchukulia masoko, wametuchukulia njia, wametuchukulia usiku. Yatupasa kuvirudisha kidogo kidogo, na pa kuanzia ni karibu: nyuma ya nyumba, penye moto mdogo, pamoja na jirani aliyeulizwa kwanza. Atakayekucheka mpe kiazi. Atakayekulilia msikilize. Na mtoto akikuambia kwamba maji yanakuja nyuma, chukua jembe uchimbe.